Husseini Wamukoya na Kurasa Zilizofichwa za Dashibodi

Jumanne tarehe 30 Novemba 1999, Bw. Husseini Wamukoya, fundi mkuu wa umeme na redio katika Karakana ya Shirere hapa Kakamega, anastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na saba na miezi kumi. Aliingia lango hili tarehe 1 Februari 1972 akiwa na bisibisi mbili mfukoni. Anatoka akiwa na miaka hamsini na mitano, nywele nyeupe, na zile bisibisi mbili zikiwa bado mfukoni, kwa sababu hajawahi kumwazima mtu.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Pascalia Nanjala wa idara ya umeme, niandike wasifu wake. Nilipewa kurasa nne za jarida letu na onyo kwamba nisijitie ndani ya hadithi ya mwenzangu. Kuhusu kurasa nitajitahidi.

Bw. Husseini ni mzaliwa wa Matungu, na ufundi aliuanzia Mumias, kwenye duka la kutengeneza redio ambalo lilikuwa na meza moja na viti vitano vya wateja wasioondoka. Alijifunza kwa kufungua, kuharibu na kufunga tena kabla mwenyewe hajarudi. Karakana yetu ilimchukua wakati wenye magari walipoanza kuona kwamba gari lisilo na redio ni aibu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuweka redio katika gari la kusambaza mikate, na wazee wa kazi wanasema kuanzia siku hiyo mikate ilichelewa kufika Malava kila taarifa ya habari iliposomwa.

Haikuchukua muda mrefu watu wakagundua kwamba kwake redio haikuwa ya muziki tu. Alikuwa anaizungusha hadi mahali pasipo na stesheni, anawasha injini, kisha anainamisha sikio. Kelele za plagi zinaingia redioni, na yeye alizisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. Mafundi wa injini walikuwa wakibishana juu ya gari linalokohoa, yeye anapita na chai yake, anasikiliza mara moja na kusema plagi ya tatu. Wakiifungua wanaikuta nyeusi. Jambo hilo liliwaudhi sana mafundi wa injini, na baadhi yao bado halijawatoka.

Kisha yakaja magari yaliyotumika kutoka Japani. Wenye umri wangu wanakumbuka jinsi yalivyofurika barabarani mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, mazuri, mapya machoni, yenye redio ambazo hazikuwa na kifundo cha kuzungusha bali vitufe vidogo na namba za kijani. Zikiharibika hakuna aliyejua pa kuanzia. Mafundi wengi mjini walikuwa wakizing'oa na kuweka za zamani, na mwenye gari anaondoka na tundu kubwa kwenye dashibodi ambamo anaweka soda.

Bw. Husseini aliupata mlango mwaka 1991, tena kwa bahati mbaya. Alikuwa anafuta vumbi kwenye redio ya gari la mwalimu mmoja, kitambaa kikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja wakati redio inawaka. Namba zote zikajitokeza kwa mpigo, nane tupu, halafu zikaanza kupita moja moja bila kuguswa. Anasimulia kwamba alikaa ndani ya gari lile akitokwa jasho, akijua ameua redio ya mtu. Namba ya mwisho iliposimama, akagundua kwamba inalingana na spika ya nyuma kushoto, ambayo ndiyo iliyoletwa kutengenezwa. Redio ilikuwa imejichunguza yenyewe na kutoa majibu.

Tangu siku hiyo hakula chakula cha mchana kwa utulivu. Redio yenye vitufe sita ina jozi kumi na tano za vitufe, na yeye alizijaribu zote, jozi baada ya jozi, gari baada ya gari, akiandika kwenye daftari la mraba. Alijifunza kwamba watengenezaji huacha kurasa zilizofichwa humo ndani kwa ajili ya mafundi wao wenyewe, na kwamba hawazitaji popote kwenye kitabu cha gari. Kufikia 1994 yalianza kuingia magari makubwa yenye kioo cha runinga kwenye dashibodi. Hayo nayo yalikuwa na mlango wake. Unaweka ufunguo hatua ya kwanza bila kuwasha injini, unashikilia kitufe cha habari, unawasha na kuzima taa ndogo mara tatu, na ukurasa unafunguka. Shida ni kwamba unafunguka kwa Kijapani.

Hapo ndipo mtu mwingine angekata tamaa. Bw. Husseini alisikia kwamba kuna mwalimu wa kujitolea kutoka Japani anayefundisha hisabati upande wa Malava, akapanda baiskeli siku ya Jumapili na daftari lake. Alirudi huko Jumapili kumi na moja. Kila safari alibeba kuku mmoja, hadi mwalimu yule akaomba kwa heshima zote apumzishwe na ingokho, yaani kuku. Mwishowe mzee wetu alikuwa anazitambua alama arobaini hivi: ile ya nzuri, ile ya mbaya, ya redio, ya spika, ya betri, na maneno marefu yanayosimama kando ya namba. Hakuna mtu mwingine Kakamega nzima, kwa ninavyojua mimi, aliyekuwa anaweza kuusoma ukurasa ule.

Na hakutaka mwingine aweze. Nasema hili kwa upendo, lakini nalisema. Kwa miaka mitano alikuwa na koti lake la kaki, na kila alipofikia vitufe alilitandaza juu ya dashibodi na mikono yake, akasema bismillahi, akafanya aliyoyafanya humo chini. Ukimkaribia anakuomba umletee fyuzi kutoka stoo. Ukirudi na fyuzi anakwambia asante, imeshapona. Mimi nilitumwa fyuzi mara nyingi kuliko idadi ya magari yaliyokuwa yanahitaji fyuzi.

Kwa hiyo uvumi ulianza. Joash, askari wetu wa lango, aliapa kwamba ameona mwanga wa kijani chini ya koti na kusikia mtu wa pili akimjibu. Habari zikamfikia meneja wetu, Bw. Andati, ambaye ni mzee wa kanisa na hachukulii mambo hayo kwa mzaha. Alimwita ofisini, akafunga mlango, akamuuliza kama kuna kitu ndani ya karakana ambacho yeye kama meneja anapaswa kukiombea. Jibu la Bw. Husseini tunalijua kwa sababu mlango wa ofisi ile haujawahi kufungika vizuri. Alisema, "Bosi, hiyo si jini. Mwenye kiwanda alijiachia mlango wa nyuma. Mimi niliupatanga tu."

Lakini pia hakuutumia mlango huo vibaya hata siku moja, na ningependa hilo liandikwe kwa wino. Redio nyingi zikikatiwa betri hujifunga na kudai namba ya siri. Yeye alijua kuzifungua, ila hakufungua hata moja bila kuona gari lenyewe na kitabu chake cha usajili. Kuna bwana mmoja alikuja na redio imefungwa ndani ya gazeti, hana gari. Bw. Husseini akamkaribisha kiti, akampa chai, akamwomba tu aende alilete gari. Bwana yule bado yuko njiani.

Sasa nifike Machi 1996. Wengine mtashangaa kwa nini jambo hili limo kwenye wasifu wa kumsifu mtu. Limo kwa sababu nilipomwambia kwamba nimepewa kazi ya kuandika, aliniambia niandike chochote, mradi hilo lisiachwe. Na kwa kuwa jambo lenyewe ni langu pia, kamati itanisamehe.

Nilikuwa nimeajiriwa Septemba 1995, mwanamke wa kwanza kupewa ovaroli hapa badala ya birika la chai. Nilikuwa mama wa watoto wawili, nimetoka Musanda ambako nilikuwa nikilima miwa ya watu wengine, na cheti changu cha umeme nilikipata nikisomea jioni. Nilipewa miezi sita ya majaribio. Ilikuwa inaisha Jumatano tarehe 20 Machi. Kuna watu hapa karakanani, na wengine wako kwenye sherehe hii wakinywa soda, waliokuwa wamewekeana dau kwamba sitaifikisha. Ningefukuzwa, ningerudi kwenye miwa, na watoto wangetoka shule.

Alhamisi ya wiki iliyotangulia, Bw. Phineas, mwenye malori ya kubeba miwa, alileta gari lake jeusi lenye kioo cha runinga. Alilipenda gari lile kiasi kwamba alivua viatu kabla ya kuingia. Lilikuwa na spika mbili zisizosema na taa ya saa iliyokufa. Spika zilikuwa za Bw. Husseini, ambaye alizimaliza Ijumaa asubuhi. Taa ya saa ilikuwa yangu, kazi ya Jumamosi.

Lazima nieleze kuhusu kadi. Karakana yetu ina desturi ambayo mafundi wa kwingine huicheka: kila ufunguo wa mteja unaning'inia pamoja na kadi, na yeyote anayewasha injini lazima, kila anapoiwasha, aweke mstari mmoja na herufi ya kwanza ya jina lake. Bw. Andati aliianzisha baada ya gari la mteja kuonekana kwenye matanga huko Malava, limejaa watu wanaoimba. Tulinung'unika, lakini tuliizoea, na hadi leo hakuna anayethubutu kuiruka.

Jumatatu tarehe 18 asubuhi, Bw. Phineas alikuja kuchukua gari. Nililitoa mwenyewe nje, nikamkabidhi. Aliketi, akabonyeza, akabonyeza tena. Kioo kilikuwa cha buluu tupu, hakina picha wala sauti. Na hapa ndipo ujinga wangu ulipo: mimi nilikuwa nimekiona kikiwa buluu tangu Jumamosi, na sikusema kitu, kwa sababu sikuwahi kukiona kikiwa na picha. Nilidhani hiyo ndiyo rangi yake.

Jinsi makelele yalivyokuwa siwezi kuandika katika jarida linalosomwa na watoto. Bw. Phineas alitaka kujua nani amegusa. Kadi ikaletwa. Mstari wa mwisho ulikuwa na herufi P, ndiyo yangu, na wa kabla yake P, na wa kabla yake P. Na kila mtu alikuwa ameniona Jumamosi nikiwa nimeingiza mkono hadi kwenye bega nyuma ya dashibodi, nikitafuta ile taa. Mimi mwenyewe niliamini ni mimi. Niliona kabisa mkono wangu ukiwa umegusa waya fulani. Bw. Andati hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alirudi tu ofisini, na tukasikia taipureta ikianza.

Bw. Husseini alitoka kwenye meza yake akifuta mikono. Aliuliza kama anaweza kukaa kwenye gari dakika tano. Ameniambia baadaye kwamba alikuwa na uhakika kosa ni la zamani, limetoka na gari huko huko lilikotoka, na kwamba alitaka tu kumfunga mdomo Bw. Phineas. Akaingia na koti lake, akasubiri mwenye gari atoke. Bw. Phineas alikaa kiti cha abiria, akafunga mkono juu ya mkono, akasema, "Gari ni yangu. Mimi sitoki. Na hiyo koti toa, nimechoka na siri zenu." Bw. Andati naye akaja na karatasi yake mkononi, akaingia nyuma, na akaniita niingie. Basi tulikuwa wanne ndani ya gari la mtu, mmoja bila viatu.

Hivyo ndivyo mara ya kwanza katika miaka mitano watu walivyoona mikono ya Husseini Wamukoya ikifanya kazi. Ufunguo hatua ya kwanza. Kitufe cha habari. Taa ndogo, moja, mbili, tatu. Buluu ikaondoka, ukajaa ukurasa wa maandishi.

Bw. Husseini alishusha kidole polepole. Kisanduku cha redio, mbaya. Kisanduku cha sauti, mbaya. Sababu, umeme kupita kiasi. Kando yake kulikuwa na namba moja: sita. Alieleza kwa sauti kwamba kioo huhesabu injini imewashwa mara ngapi tangu kosa litokee. Alikuwa ametarajia hamsini, au mia mbili. Ilikuwa sita. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka na kuomba kadi.

Aliihesabu kuanzia chini. Mstari wa Jumatatu asubuhi, P. Mistari mitano ya Jumamosi, P. Jumla sita. Kama kosa lingetokea nilipowasha mimi mara ya kwanza, kioo kingesema tano. Kosa lilitokea safari moja kabla ya mimi kulitia gari ufunguo. Juu ya mistari yangu sita kulikuwa na mstari mmoja wa Ijumaa, na herufi yake ilikuwa H.

Nataka msomaji akae hapa kidogo, kama nilivyokaa mimi kwenye kiti kile cha nyuma. Namba sote tuliiona, lakini maneno yaliyokuwa kando yake aliyajua yeye peke yake. Angeweza kusema kioo huhesabu na safari ya kosa lenyewe, kwa hiyo sita ni mimi. Angeweza kusema ukurasa haueleweki. Barua yangu ya kufukuzwa ilikuwa imeshapigwa chapa, imebaki sahihi. Hakuna mtu ndani ya gari lile, wala mjini, ambaye angempinga, na mimi ningetoka nikiamini kwamba amesema kweli. Alikuwa na miaka ishirini na minne ya kazi bila doa hata moja kwenye faili.

Alisema, "Ni mimi. Siku ya Ijumaa."

Halafu akaeleza kila kitu, akimwangalia mwenye gari usoni. Ijumaa alikuwa amejaribu spika asubuhi yote, betri ikaisha. Saa sita na nusu ilikuwa imefika na alikuwa anawahi sala ya Ijumaa msikitini. Kando ya gari kulikuwa na lori la miwa, na kwa haraka akaazima umeme kwenye betri za lori. Lori lina betri mbili zilizofungwa pamoja, na zikiwa pamoja ni volti ishirini na nne. Gari dogo linataka kumi na mbili. Kila fundi wa nchi ya miwa anajua kwamba unaazima kwenye betri moja tu. Yeye alifunga kwenye zote mbili. Injini iliwaka vizuri kabisa, akashukuru, akaweka mstari wake kwenye kadi, akakimbia.

Bw. Andati alimuuliza ilikuwaje asione kioo kikigeuka buluu mbele ya macho yake. Bw. Husseini aliliangalia koti lake. Kisha akasema, "Nilikuwa nimekifunika na koti."

Bw. Phineas alitaka kulipeleka gari Kisumu. Baadaye alifikiri, akasema kwamba afadhali liharibiwe na mtu anayesema ameliharibu. Bw. Husseini alivifungua vile visanduku viwili, akapata vipande vilivyoungua, akatafuta vingine Nairobi kwa barua na kwa simu, akavilehemu mwenyewe. Siku ya tisa kioo kilitoa picha. Mwenye gari aliondoka bila kuaga, lakini kabla ya mwezi kuisha alituletea gari la mke wake.

Kuhusu barua, Bw. Andati, ambaye hatupi karatasi, aliigeuza ile yangu, na mgongoni akaandika tangazo juu ya kuazima umeme kwenye malori. Lilibandikwa stoo miezi mingi, na nilikuwa nasimama mbele yake nikisubiri fyuzi, nikijua jina langu liko upande wa pili. Upande wa Bw. Husseini meneja alitaka yaishe kimya kimya. Mzee hakukubali. Alisimama mlangoni mwa ofisi ile isiyofungika na wote tukamsikia: "Ingekuwa ni huyu mama mngeandika. Basi andikeni." Wakaandika. Nimelipitia faili lake kwa ajili ya wasifu huu, na barua ya onyo ni hiyo moja tu, kati ya barua za pongezi kumi na nne. Namwambia mbele ya wote kwamba mimi naihesabu kuwa ya kumi na tano.

Jumatano tarehe 20 Machi nilithibitishwa kazini. Jumapili iliyofuata nilibeba kuku, nikapanda gari hadi Matungu kwenda kumshukuru. Alinikaribisha vizuri, ila shukrani alizikataa katakata. Alisema hakuna alichonifanyia, alisoma tu kilichoandikwa, na mtu hashukuriwi kwa kusoma. Hata kuku alitaka nirudi naye. Mke wake, Mama Kulthum, ndiye aliyeamua kesi: alisema kuku aliyeingia boma lake hatoki kwa miguu yake. Mzee akamchinja mwenyewe, Mama akapika na obusuma, ugali wetu, na tulipoketi mezani pamoja na kaka zake wawili, Bw. Husseini akachukua firigisi na kuiweka kwenye sahani yangu.

Wasiotoka kwetu wanaweza wasione uzito. Firigisi ni ya mwanamume mwenye boma, na akiwepo mgeni wa heshima, ni ya huyo mgeni, naye awe mwanamume. Mama yangu alipika kuku maisha yake yote na hakuwahi kuionja. Kaka mmoja alisimamisha tonge hewani. Bw. Husseini alimwambia tu kwamba huyu ni fundi mwenzake, apitishe chumvi. Niliila. Nilikuwa nalia kidogo, na Mama Kulthum akasingizia pilipili.

Juma lililofuata alikuja na mkebe wa rangi nyeupe na brashi. Ukutani, kando ya shimo la kukagulia magari, aliandika kila alichokijua: upande wa kushoto aina ya gari, upande wa kulia vitufe vya kubonyeza, na chini yake alama za Kijapani na maana zake. Ilimchukua siku sita. Leo ukuta ule una mistari sitini na mitatu. Mafundi wa mjini huja na madaftari yao kunakili, wengine ni washindani wetu wa wazi, na yeye huwapa kiti. Tulimwambia anaigawa bure mali ya karakana. Alijibu kwamba jambo linalojulikana na mtu mmoja halina wa kulisahihisha. Sisi katika idara ya umeme sasa ni wanne, wawili kati yetu wanawake, na sote tunausoma ukurasa ule bila kumwita mtu.

Anarudi Matungu wiki moja na ushei kabla ya mfungo wa Ramadhani kuanza. Ana ng'ombe wawili, nusu eka ya mahindi, na redio kumi na tatu za majirani ambazo ziliahidiwa kutengenezwa akistaafu. Mama Kulthum ameomba itangazwe rasmi kwamba sebule si karakana.

Mzee Husseini, kwa niaba ya meneja, mafundi, stoo na lango, tunakushukuru kwa miaka yako yote. Tunakuombea afya, amani nyumbani, mfungo mwema na miaka mingi ya kulala mchana bila mtu kukuamsha.

Na kwa niaba yangu mwenyewe nina neno moja, hata kama utalikataa tena. Ungenionea huruma siku ile, ningekushukuru na ningebaki maisha yangu yote nikijiuliza kama kazi hii ni yangu kweli. Hukunihurumia. Ulisoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa kilikuwa kwamba mimi ni fundi aliyefanya kazi yake sawasawa. Kesho asubuhi nakaa kwenye meza yako. Siogopi. Nenda ukapumzike, mzee wangu, na maisha yako yawe mema.